Kijiko Chenye Alama za Meno

Panya nambari kumi na saba
ana siku kumi na nane tu duniani.
Namweka ndani ya gudulia la kioo, chini ya taa nyekundu,
uzi wa kupimia joto ukimfuata kama mkia wa pili.
Kila dakika mbili, nusu digrii.
Thelathini na nane: anajilamba kwapa.
Thelathini na nane na nusu: anakinusa kioo.
Thelathini na tisa: masikio yameiva.
Nyuma yangu mvua ya Mamboleo inayapiga mabati
nami nahesabu.

Kisha shingo inakataa.
Miguu minne inapiga hewa,
inapanda ngazi isiyokuwepo.
Sekunde ishirini na sita.
Nazima taa. Namlaza kwenye pamba baridi.
Naandika kwa penseli: ndiyo.

Ndugu zake watatu wa uzao huohuo,
mama mmoja, baba mmoja, kasoro ileile,
walifika arubaini wakinitazama
kama askari wa zamu.
Naandika: la. La. La.

Daktari Khasakhala alitueleza kwa chaki:
katika seli za ubongo mna vilango vya chumvi,
hufunguka, hufunga, hufunguka.
Jeni ndiyo ramani ya fundi;
ikikosewa herufi moja, bawaba inalegea,
na joto likipanda,
zile seli zinazowaambia wenzao "tulieni"
ndizo za kwanza kunyamaza.
Akauliza kama kuna swali.
Nilikuwa nalo, ila lilikuwa la nyumbani.

Nyalenda, usiku wa malaria.
Omolo, miezi kumi na minne, macho yamegeuka meupe.
Nasambu anamwita jina lake, anamwita, anamwita,
na mama yangu amesimama mlangoni, leso kiunoni:
"Degedege hilo si la ukoo huu.
Muulizeni aliyekuja nalo kutoka Webuye."
Na mimi, nipimaye joto la panya kwa mshahara,
nilishika tochi nikamulika dari.
Nilitafuta nini darini? Dege?
Jina lenyewe lina mabawa;
ni rahisi kudhani limeruka kutoka kwa wengine.
Wiki nzima Nasambu hakuniambia neno
ila "chumvi iko hapo."

Leo jioni nakoroga uji wa Omolo
kwa kijiko kikuukuu cha aluminiamu
kilichokuja na sufuria za mama.
Kidole gumba kinatumbukia kwenye vishimo:
vinne, vidogo, vimejipanga kwa upinde.
Miaka yote nilidhani kiliangukia mawe.
Na ulimini mwangu, upande wa kushoto, pana kovu.
Mama husema: ulijiuma ukila miwa, tulipokaa Muhoroni.
Tulihama Muhoroni nikiwa na meno manane.
Miwa gani?

Siku hizi tunafundisha zahanati:
usimtie kitu kinywani,
mlaze ubavu, tazama saa.
Mama hakufundishwa na mtu.
Alikuwa na giza, na kijiko,
na mtoto anayekwenda zake mikononi mwake.
Kwa kijiko simlaumu.
Ni hii miaka thelathini na mmoja ya miwa.

Nakipangusa. Nakiweka mezani,
kati ya kikombe cha mama na kikombe cha Nasambu,
vishimo vikitazama juu.
Mkono wa mama unakiendea, unasita, unarudi kwenye leso.
Nasambu anatutazama mmoja mmoja,
taratibu, kama asomaye kipimajoto.

"Ile herufi," nasema, na koo linakwaruza,
"huenda ni yangu."

"Huenda?" anasema Nasambu.