Vumbi la Ibihwa

Mchungaji alinipa daftari lenye safu mbili:
kushoto Walioamini, kulia Waliokataa.
"Kila jina lipate mahali pake, Ndahani," akasema,
nami nikafunga Biblia kwenye keria kwa mpira wa baiskeli,
nikakanyaga pedali hadi Ibihwa, upepo wa Agosti usoni,
meno yakisaga mchanga.

Nyumba ya kwanza hapakuwa na mtu, ila mbuzi.
Ya pili walinikaribisha vizuri, wakasinzia nikihubiri.
Ya tatu ilikuwa tembe yenye mlango mfupi,
na uani Mama Sechelela akipepeta uwele.

"Mbukwa," nikasema.
"Mbukwa," akajibu. Ungo haukusimama.

Nilikuwa nimejipanga:
dhambi kwanza, kisha msalaba, kisha mlango ulio wazi.
Nilikuwa bado kwenye dhambi
alipoweka ungo chini, akanitazama
kama mtu anavyotazama wingu lisilo na mvua,
bila chuki, bila tamaa.

"Mwanangu, nimekusikia. Sitaki."
"Labda mama hujaelewa..."
"Nimeelewa. Ndiyo maana sitaki."
"Basi niambie sababu."
"Sababu ninayo. Lakini si yako."

Akainama, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji,
maji ya korongoni, yale ya kufukuliwa mchangani
alfajiri, kwa mikono, ukingoja yajikusanye
kama machozi ya mtu asiyependa kulia.
"Kunywa. Njia ni ndefu."

Nilikunywa kwa hasira. Nakiri.
Kila funda lilishuka na hoja niliyosahau kuitumia.
Nikarudisha kata, na asante yangu
hata mimi sikuisikia.

Nje ya ua nikakumbuka agizo la kale,
kwamba asiyekupokea aachiwe hata vumbi lake.
Nikavua katambuga, nikazigonganisha, pa! pa!
Na upepo wa Ugogo, ambao haukusoma popote,
ukalizoa lile vumbi lote
ukanirudishia machoni.

Nikasimama njiani nikipikicha macho kama mtoto,
kicheko kikanitoka bila ruhusa.
Vumbi la nani hili? Nimezaliwa Chipanga,
saa chache tu kwa miguu.
Ndilo lililofunika kitovu changu,
ndilo litakalomfunika yeye, litakalonifunika mimi.
Na kama kata ile haikuwa kupokewa,
basi sijui nilikuwa natafuta nini.
Labda kushinda.

Usiku, kwenye mwanga wa koroboi, nilifungua daftari.
Kalamu ikaenda kulia, ikasita.
Kushoto ikaona aibu.
Mwishowe nikaandika pembeni, nje ya mstari mwekundu:
Sechelela. Amenipa maji.
Paa lake limebonyea upande wa magharibi.

"Hii ni safu gani?" Mchungaji akauliza.
Nikamwambia sijui.
Alinitazama kitambo, akageuza ukurasa.

Novemba, kabla mvua hazijaamua, nilirudi na koleo.
Biblia ilibaki nyumbani, haikulalamika.
Mimi na mjukuu wake Masinga tukapandisha udongo juu ya paa,
karai kwa karai, jua likituchuna mgongo.
Hakuuliza habari za Mungu.
Sikuzisukuma. Zilikuwepo tu,
kama harufu ya mvua inayonyesha kijiji cha jirani.

"Wewe si ndiye yule wa dhambi?" akasema kutoka chini.
"Ndiye."
"Leo umezisahau?"
"Leo nina koleo, mama."
Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mchana akatutengea ugali wa uwele na mlenda.
Nilitaka kuombea chakula kwa sauti,
nikajizuia, nikaomba moyoni, kwa kifupi.
Nilipofumbua macho Masinga alikuwa ameshanyoosha mkono,
na bibi yake ameushika,
naye mwenyewe hajamega tonge,
anatazama pembeni, kwenye kuku,
kama mtu asiyemsubiri mtu.