Kabureta

Ilikaa nyuma ya nyumba miaka ishirini na mitatu,
chini ya bati lenye matundu, kilimani Kadutu,
Yamaha themanini, ya buluu hapo zamani,
na kuku wa mama alikuwa ameshaamua:
pale siti ilipopasuka ndipo pa kutagia.

Nilianza kwa kumwomba kuku radhi.
Mayai matatu, nikayahamishia kikapuni.
Kisha spana namba kumi, na namba kumi na mbili,
dumu la mafuta ya taa,
na mswaki wangu mwenyewe, wa zamani.

Lugha yetu ina namna yake ya kubomoa:
nilifungua, nikabandua,
nikazibua bomba lililojaa udongo wa nyigu,
nikafunua silinda.
Pistoni imeshikana na ukuta wake
kama watu wawili waliokubaliana kunyamaza.
Nikaimwagia mafuta, nikasubiri siku nne.
Siku ya tano nikaigonga na kipande cha mkaratusi, taratibu,
ikasogea upana wa ukucha.
Nilicheka peke yangu mvuani.
Hata kufufua, kumbe, huishia kwa sauti ileile.

Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage.
Hakusema neno.
Hii ndiyo iliyompeleka Walungu, ikampandisha Kaziba,
kisanduku cha chanjo kimefungwa nyuma kwa mpira,
barafu ikiyeyuka, yeye akishindana nayo.
Barua za kazi zilimwita Nabintu, muuguzi.
Vijijini walimwita Tukutuku.

Kutu si kitu, hutoka kwa msasa.
Kilichonishinda ni pengo:
mahali pa kabureta hapakuwa na kabureta,
boliti mbili tu, zimekazwa vizuri pasipo kitu.
Mwizi gani huyu, anayeiba
kisha akabaki kukaza boliti?

Nikashuka sokoni. Birindwa akanionyesha za Kichina,
mpya, zinang'aa kama meno ya bandia.
"Chukua hii, kadogo, itaingia tu."
Haikuingia. Nikaichonga kwa tupa, nikaiharibu.
Dola kumi na nne, hivyo hivyo.

Jioni ile mama akaweka ungo chini.
"Hiyo si yake."
Akaingia chumbani. Nilisikia magunia yakiburuzwa,
kitanda kikilia, kisha kimya kirefu.
Akatoka na kopo la maziwa ya unga, picha ya ng'ombe imefutika,
ndani ya kopo kitenge,
ndani ya kitenge grisi,
ndani ya grisi, kabureta, nzima, hata sindano yake haijapinda.

"Walikuwa wanabeba kila chenye magurudumu.
Hapa walikuja watatu. Wakapiga kiki wee, mpaka jasho.
Mmoja akakasirika, akalipiga tangi teke."

Nilikuwa nimepanga kupanyoosha pale tangi lilipobonyea.
Nikapaacha.

"Kwa hiyo sasa unaamini vita vimekwisha?"
Akafuta vidole kwenye pindo la kitenge, kimoja kimoja.
"Hapana.
Ila nimechoka kuwa peke yangu ninayejua iliko."

Jumamosi: buji mpya, petroli na oili
zimechanganywa kwa kifuniko cha soda,
kipimo chake yeye, si changu.
Kiki ya kwanza, kimya. Ya sita, chafya.
Ya kumi na moja, moshi ukajaa uani,
sauti nyembamba, ya kitoto, ikigombana na mabati,
na watoto wa jirani juu ya ukuta
wakaihesabia, moja, mbili, tatu,
wakafika kumi na tisa,
ikazima.

"Punguza hewa," mama akasema, macho kwenye maharage.

Magharibi kuku alirudi, akazunguka mara mbili,
akaikagua siti mpya, nyeusi, niliyoishona mwenyewe,
akaruka, akakaa, akaiona ngumu,
akaanza kudonoa mshono.