Mmekosea Mnyama

Unaniuliza nilifanyaje, Mama Tumpe,
na huyo wako wa miaka minne bado yuko mgongoni.
Kaa. Chai ipo. Mvua hii ya Tukuyu haina haraka,
nasi tusiwe nayo.

Nilianza kwa kukosea.
Miaka kumi na tisa nilimfunga Gwakisa vifungo vya shati,
nikamwitikia salamu zake, nikammenyea ndizi,
watu wakasema, mama yule ana moyo.
Moyo! Nilikuwa namla mwanangu vidole,
kimoja kimoja,
kwa upendo.

Chuoni mkuu alitazama fomu, akatazama dirisha.
"Hatuna mwalimu wa watu wa aina hiyo."
Mwalimu Anyelwisye alikuwa mlangoni, kreti kichwani.
"Aina gani?" akauliza.
Mkuu akakohoa.

Yule mama hakumwambia, "Safisha ghala."
Alisema, "Ufagio." Akangoja.
"Kona." Akangoja.
Sijawahi kuona mtu akingoja hadi akatoka jasho.
Akachora picha, akazipigilia ukutani:
kofia, glovu, kreti, mizani.
Parachichi linalojaa kiganja, kreti ya kijani.
Linalozama kiganjani, kreti ya bluu.
Lenye jeraha, kando.
Mwezi wa tano Gwakisa aliweka kando moja
ambalo mwalimu aliliona zima.
Mwalimu akaligeuza, akaligeuza tena.
Jeraha lilikuwepo, dogo kama tundu la sindano.

Na pesa alimfundisha kwa wanyama.
Simba ni elfu mbili, kifaru tano, tembo kumi.
Gwakisa hajui elfu ni kitu gani.
Tembo anamjua.

Siku ya kwanza ya kazi, kule ghalani Kiwira,
nilimfuata kwa siri, nikijibanza kwenye migomba.
Penye daraja akasimama. Hakugeuka.
"Mama, rudi. Mabuti yako yanapiga kelele."

Nikarudi.
Nikafika nyumbani, nikakuta shati lake kwenye kamba,
nikalifunga vifungo vyote,
nikavifungua.

Jumamosi wakapanga mstari dirishani kwa malipo.
Wenzake tembo, tembo, hadi sita.
Yeye kifaru, kifaru.
Mimi ningesema asante, dada. Ningepiga magoti kabisa.
Si nilimwita Gwakisa? Wa huruma.
Jina zima la mtoto nililifanya bakuli la kuombea.

Yeye akawapanga vifaru wake juu ya kreti,
akawakagua kama anavyokagua ganda,
akawarudisha dirishani.
"Mmekosea mnyama."

Mhasibu akacheka.
Gwakisa hakucheka, wala hakuondoka.
Mstari ukaganda nyuma yake.
Wanawake wanaoosha matunda wakaacha bomba likimwaga maji,
na mmoja, sijui jina lake, ningelijua ningempelekea mkungu,
akasema, "Si kweli? Kreti zake mmezihesabu?"
Wakazihesabu.
Zilizidi za wengi.

Alifika hapa jioni, kalowa chapachapa,
tembo sita wakavu ndani ya kofia.
Wanne akanipa. Mmoja akasema ni wa mabuti.
Wa sita hakusema ni wa nini, nami sikuuliza.
Ndiyo mara ya kwanza mwanangu
kuwa na jambo nisilolijua.

Usidhani yamekwisha. Mkataba hawajampa,
na msimu ukifungwa ghala nalo linafungwa,
anakaa hapo kizingitini akipanga mawe kwa ukubwa.
Wapo wanaopita wakisema maskini.
Anawajibu, "Habari za kazi?"
Wengine hawana kazi. Wanaharakisha.

Basi mshushe huyo mgongoni.
Mpe kikombe ashike mwenyewe.
Ndiyo, kitavunjika.
Vikombe ninavyo.