Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu ni kimoja, foleni ina watoto kumi na tisa.
Nilikipata River Road, juu ya gunia, jalada limepinda,
nami nakikodisha hapa Umoja, kando ya cherehani yangu,
shilingi kumi kwa usiku mmoja,
na anayekirudisha sharti aseme neno.
"Kizuri" silipokei.
Hata chapati huambiwa nzuri.

Kinahusu zimwi liishilo ndani ya tangi la maji
juu ya paa. Zimwi lina kwikwi.
Likimeza mtu, kwikwi hulishika,
na mtu hutoka amelowa chepechepe
kavaa kiatu kisicho chake.
Zaidi ya hapo lipa kumi.

Mumbua alikuja wa kwanza, sare imekunjamana:
"Nilicheka mpaka nikaogopa kicheko changu.
Mama Cherehani, umewahi kusikiliza
mfereji wetu unavyokoroma kabla maji hayajaja?"
Siku tatu aligoma kuoga.
Mamake akanijia na ndoo tupu, kama ushahidi.

Wairegi alisema hakuogopa.
Alisema mara nne.
Kisha akaniomba nisimame mlangoni
nimtazame mpaka apande ngazi.

Hodhan yeye husoma na rula mkononi:
"Ukurasa wa tisa zimwi lina meno thelathini.
Ukurasa wa sitini, thelathini na mawili.
Ama mwandishi hajui kuhesabu,
ama kuna mtu alimezwa nasi hatukuambiwa."
Usiku ule nililala taa ikiwaka.

Mama Akinda alikichukua ili akichome,
vitu vya kishetani, akasema, havina nafasi katika ploti hii.
Alikichunguza siku tano.
Kikarudi na doa la chai karibu na mwisho
na risiti ya unga ikiwa alama ya alipofika.
"Bado sijaamua," akasema. "Niwekee Jumamosi."

Bwana Lokiru wa getini hakupanga foleni.
Alikiazima saa nne usiku, akakisoma kwa tochi,
alfajiri akanirudishia kwa mikono miwili:
"Miaka kumi na moja nalinda watu wasiingie.
Hakuna siku niliyoambiwa nitazame juu."

Kisha Shiundu, miaka saba,
ambaye husomewa na dadake na kuziba sikio moja tu.
Alikileta kimya. Nikakifungua:
ukurasa wa arobaini na ule wa arobaini na moja
vimeshonwa pamoja, uso kwa uso,
kwa uzi mwekundu, uzi wangu,
mishono kumi na mmoja iliyopinda kama njia ya siafu.
"Hapo ndipo linapotokea," akasema. "Nimelifungia.
Usijali, sitaki pesa."

Nilitaka kufumua. Wembe ninao, kazi yangu ni hiyo.
Lakini Mumbua, zamu yake ya pili, aliomba niache.
Hodhan akapima mishono, akasema itahimili.
Na tangu hapo maoni yamebadilika:
hakuna tena anayetaja meno, wala kiatu, wala mfereji.
Wote husema pahali pa kutisha kuliko pote
ni pale pasipofunguka,
na pahali pa kuchekesha, ni pale pale,
maana ukiweka sikio utasikia
kitu kidogo kikijizuia.

Mimi? Nimekisoma mara mbili, kabla ya uzi.
Ukurasa ule naukumbuka vizuri.
Hauna zimwi. Una mvulana anayefunga viatu.
Sijamwambia mtu.

Jana stima ilipotea.
Maji yakaja Alhamisi yao, usiku wa manane,
na tangi letu juu likaanza kujaa:
glu, glu,
kimya,
glu.
Nikapapasa kitabu juu ya meza, nikapapasa sindano,
nikaongeza mshono wa kumi na mbili.