Jani la Tambuu

Mwalimu Mghanga alichora mraba ubaoni,
akaukata vipande vinne kama halua ya wageni.
Herufi kubwa, herufi ndogo.
"Nywele zikishuka ncha katikati ya paji," akasema,
"mmoja wa wazazi wako anayo. Hapana njia nyingine."
Kazi ya nyumbani: mkatazame.

Mimi ninayo.
Imeshuka kama jani la tambuu,
ncha imeelekea puani.

Nikarudi Kibokoni na daftari.
Mama alikuwa akichovya viazi vya karai.
Nikamwambia avue leso, akacheka, akavua:
paji lake limekwenda mviringo,
safi kama ukingo wa bakuli.
Baba hakuwa na jibu kichwani.
Panja zilipanda pande zote mbili
zikakutana utosini kabla sijazaliwa.
Na picha zake za ujana, zote, kofia.
Hata ile ya timu ya mpira ya bandarini,
kumi na mmoja wamechuchumaa vichwa wazi,
yeye kavaa kofia.

Nikaandika: Mama, hana. Baba, haijulikani.
Mwalimu akaweka alama ya kuuliza kwa wino mwekundu,
ndogo, kama ndoana.
Nimetembea nayo miaka kumi na tisa.

Kwani nilimuuliza mtu? Sikumuuliza mtu.
Nilihesabu tu wanaume wenye ncha:
muuza vitambaa wa mtaa wa Biashara,
fundi saa wa Makadara,
na yule ustadhi aliyehamia Lamu ghafla.
Ghafla! Neno hilo nililikalia usiku kucha.
Fundi saa nikamchukia bure.
Saa aliyoninunulia baba ikasimama, sikuipeleka.

Kisha Bi Barke akafariki, mamake baba,
Alhamisi, mvua ikinyesha, kabla ya adhuhuri.
Nywele zake sikupata kuziona.
Nje buibui, ndani leso, kitandani mtandio.
"Funika kitwa," alikuwa akinambia,
"nyele ni siri ya mtu na Mola wake na shanuo lake."

Shangazi Mwanahija akaniita chumbani.
"Umekuwa mtu mzima sasa. Shika kata."
Maji ya majani ya mkunazi, kafuri kwenye kisahani,
shuka imetandwa, mkono unapita chini yake.
Kichwa kikaja mwisho.
Nywele nyeupe, chache, ndefu kuliko nilivyodhani.
Misuko mitatu, akasema shangazi, tuilaze nyuma.
Nikachana kutoka mbele.

Jani la tambuu.
Lilelile, limepauka,
ncha imeelekea puani.

Kata ikaniponyoka.
Shangazi akadhani ni hofu ya maiti,
akanisomea, akanipulizia usoni.
Nami nilikuwa nikiiona njia nzima:
bibi kampa baba, baba kanipa mimi,
ukapita upara, ikapita kofia,
vikafagia nyayo.

Mwosha hasemi alichokiona.
Makovu yake, mbavu zake, nitakwenda nayo kaburini.
Ila hili halikuwa lake peke yake.

Kwa kadhi mambo yalikuwa mepesi:
baba mafungu mawili, shangazi moja,
nyumba, pete, sanduku la njumu.
Mimi jina langu halikuandikwa popote.
Nikakaa nyuma kwenye benchi,
kidole nimekiweka juu ya paji.

Baada ya khitima nilimfuata mama jikoni.
Nilitaka kumwomba radhi
kwa swali ambalo sikuwahi kumuuliza.
Neno halikutoka.
Nikaosha sufuria zote za pilau,
hata zile za kuazima.

Mwosha huoshwa, wasema.
Basi atakayenichana mimi asishtuke:
binti yangu nimeshamwonyesha,
yeye mwenye paji la bakuli.

Jumatatu nikenda Makadara.
Fundi amezeeka, ncha yake imebaki nyuzi tatu.
Akaifungua saa, akapuliza vumbi,
akauliza imesimama tangu lini.
Nikamwambia, tangu kidato cha nne.