Koki ya Jikoni, Kutaisi

Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Haisemwi ni nani ataamka saa nane za usiku
kukimwaga.

Mimi Tsiala, mwalimu wa piano,
ghorofa ya nne, lifti mbovu,
nimekimwaga tangu theluji ya kwanza
hadi Rioni ulipofura ukawa rangi ya chai ya maziwa.
Ndo. Ndo. Ndo.
Fundi Nugzar alisema kesho.
Kesho yake sasa ina wajukuu.

Jumapili nikafunga aproni.
Bisibisi ya mpini wa mbao, spana iliyoliwa na kutu,
kopo la biskuti lililojaa skrubu
za mtu aliyeishi humu kabla yangu.

Vali ya chini ya sinki haikutaka kugeuka.
Niliibembeleza kama mtoto asiyependa skeli,
ikakubali nusu, nami nikaiamini yote.
Nilipong'oa kichwa cha koki
maji yakanipiga kidevuni, yakapanda hadi kwenye taa:
chururu si ndo ndo ndo!
Nikatoa neno ambalo mama hakunifundisha,
lakini alilijua.

Kichwa kile kina duara jekundu, na maji yake ni baridi.
Miaka thelathini na moja kinatudanganya,
tumekizoea
kama mtu anavyozoea jina la utani.

Ndani, washa: mpira mweusi,
umetafunwa upande mmoja, mgumu
kama peremende iliyosahauliwa mfukoni.
Nikaupeleka kwa Otari, muuza vyuma.
Akaugeuza, akaunusa.
"Mama, koki hii ni ya nchi ambayo haipo tena."
"Hata mimi nilitengenezwa huko," nikamwambia,
"na bado nafanya kazi."
Akacheka. Washa hakuwa nayo.

Kabatini lilikuwepo buti la mpira la kaka yangu Zauri
aliyekwenda Ugiriki kuchuma zeituni
akaacha mguu wa kushoto tu.
(Wa kulia aliufanyia nini, hajawahi kueleza.)
Nikachora kwa sarafu, nikakata kwa mkasi wa kucha.
La kwanza likawa yai.
La pili, duara la mlevi.
La tatu nikalitazama dirishani, dhidi ya mwanga,
nikaona linatosha kwa nyumba kama hii.
Nikazungusha katani kwenye hesi, nikapaka sabuni,
nikakaza kwa mkono, kisha kwa spana,
kisha kidogo tena kwa hasira.

Koki ikakohoa. Ikatema kahawia.
Ikatema hewa. Halafu maji, meupe, ya mlimani.
Nikafunga.
Nikasimama na mikono iliyolowa
nikisubiri tone ambalo halikuja,
na usiku ule sikulala
kwa sababu ya kulisubiri.

Jumatatu alikuja Tekle, miaka tisa, magoti yenye plasta.
Alianza valsi yake vizuri, akayumba, akasimama.
Akageuza shingo kuelekea jikoni.
"Mwalimu, mbona leo nyumba haihesabu?"

Majira yote ya baridi nilidhani ananisikiliza mimi.

Nikachukua kijiko, nikagonga ubavu wa piano:
moja mbili tatu, moja mbili tatu.
Akaingia katikati, bila aibu,
kama mtu anayerukia tramu.

Ya bafuni nayo imeanza.
Buti bado ni kubwa.