Hakukaa Eda

Kilimani, chumba cha kusomea. Feni inazunguka
kama mtu aliyelazimishwa.
Karani ananiletea boksi lililofungwa utepe,
ananiuliza tena jina langu, kwa ajili ya daftari:
Salha Hamad Kombo Mize.
"Mize? Hilo si jina la mwanamke?"
Ndilo.
Ndilo lililonipandisha boti ya asubuhi kutoka Mkoani.

Kwetu Kangagani babu yangu aliandikwa skuli kwa mama yake,
kwa kuwa hesabu ya miezi ilimkataa:
baba alichukuliwa kubeba mizigo, vita vya Mjerumani,
mwaka wa pili ikaja habari kuwa kafa huko bara,
na mwaka wa tatu Bi Mize akazaa.
Watu wakahesabu kwa vidole. Wakahesabu tena.
Na hakukaa eda, wakasema. Hakuvua hata vipuli.
Mjane gani huyo?

Ndani ya boksi mna kadi za rangi ya chai iliyolala.
Makame, Makame, Makame, Faki asiye na baba,
mmoja kaandikwa "Kijana" tu, akapewa namba,
mmoja kaandikwa jina la kijiji chake
kana kwamba Micheweni yote ilipanda meli.
Yote yameandikwa kwa masikio ya mgeni.
Nayasoma kwa sauti ndogo, nageuza ulimi huku na huku,
mpaka "Mujaka Shami" ananigeukia
na kuwa Mjaka Shaame.

Namba 4417. Mpagazi.
Futi tano na inchi nne.
Jino la mbele, la juu, halipo.
Rupia tano kwa mwezi, blanketi moja.
Na dole gumba, jeusi, limekandamizwa pembeni ya mstari,
si juu yake,
kama la mtu aliyekuwa akitazama mlango.
Nasogeza dole langu karibu. Siligusi. Karani ananiangalia.

Chini kabisa, wino mwekundu, neno moja la Kiingereza
na tarehe: Lindi, Agosti, 1917.
Nilitarajia "kafa". Nalijua umbo lake,
kadi thelathini zimeshanifundisha.
Hili silo.
Karani anainama, anavua miwani.
"Mtoro," ananifasiria, kwa sauti ya kunisitiri,
kama anayenipa mkono wa pole.
Nikacheka. Chumba kizima kikageuka.

Karatasi haisemi alivuka vipi, nani alimpakia,
alilala wapi mchana. Haisemi kama alifika.
Nisitie chumvi.
Lakini nalijua jungu la Bi Mize, lipo mpaka leo uvunguni,
kubwa mno kwa mwanamke anayekula peke yake.

Nimelipia nakala. Kwenye risiti jina halikutosha,
karani akataka kulikatia kwenye Kombo.
Nikamwambia ashuke mstari wa pili.

Usiku nampigia simu Shangazi Chumu,
namsomea kadi neno kwa neno.
Kwenye "mtoro" hasemi kitu.
Halafu anauliza: "Pengo la juu au la chini?"
La juu.
Kimya. Nasikia mtu anatwanga huko kwake.
"Kulikuwa na mzee Makangale, kando ya msitu,
tukimwita Mzee Mgeni. Baba akitupeleka kila Idi pili.
Tukimchukulia mkate wa kumimina, akiutafuna kwa upande."
Mchi umenyamaza.
"Akisikia viatu njiani, hata vikiwa vya mwalimu,
hutuacha na vikombe mkononi
akajitia msituni."

Na baba?

"Baba hukaa pale pale. Humfunikia kahawa yake.
Husema, tulieni.
Huyu hukawia, lakini hurudi."